Funza Hakuwa wa Kwetu: Safari za Wadudu na Mizigo ya Wanadamu



Muulize mtu yeyote aliyekulia Afrika Mashariki habari za funza, au tekenya kama wengine wanavyomwita, naye atakuonyesha kidole cha mguu na kukueleza jinsi bibi yake alivyokuwa akimtoa kwa pini au kwa mwiba wa mlimau. Ni mdudu tuliyemzoea kiasi kwamba wengi wetu twadhani amekuwapo kwetu tangu enzi na enzi, kama mbu na kupe. La hasha. Mtu aliyeishi Unguja wakati wa Sayyid Said, akafa uzeeni wakati wa Sayyid Barghash, alikwenda kaburini bila kumwona funza hata mmoja. Mdudu huyu ni mgeni. Tunaujua mwaka aliotua, bandari aliyoshukia, na hata jina la meli iliyomleta.

Nimeona niandike habari hizi kwa sababu mbili. Kwanza, ni sehemu ya historia yetu ambayo haikutiwa katika vitabu vya shule. Pili, sisi tunaoishi ughaibuni ni watu wa safari na mizigo. Tunapeleka nyumbani na tunaleta kutoka nyumbani, na historia ya wadudu wageni, ukiisoma vizuri, ni historia ya mizigo.

Merikebu yenye mchanga

Asili ya funza ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Wahispania waliofika huko pamoja na Columbus na baada yake walimjua upesi, kwa maana wengi wao walichechemea kwa sababu yake. Wenyeji wa huko walikuwa wameishi naye kwa karne nyingi, na walijua dawa yake: kukagua miguu kila siku na kumtoa kwa ncha kali angali mdogo, kabla hajavimba.

Mwaka 1872 meli ya Kiingereza iitwayo Thomas Mitchell iliondoka Rio de Janeiro, Brazili, ikatia nanga Ambriz, katika pwani ya Angola. Haikuwa na shehena ya kutosha kuituliza majini, kwa hiyo ilijazwa mchanga kuwa farumi. Mabaharia wetu wa majahazi wanaijua farumi: chombo kitupu huyumba, basi hutiwa mawe au mchanga tumboni ili kikae sawa. Chombo kikifika na kupata mzigo, farumi humwagwa. Na ndivyo ilivyokuwa Ambriz. Pamoja na mchanga ule, na pengine katika miguu ya mabaharia wenyewe, walishuka funza. Yako maandishi yanayodokeza kwamba mdudu huyu aliwahi kuonekana Afrika ya Magharibi kabla ya hapo, lakini safari yake kubwa ya kulivuka bara ilianzia pale.

Hapa inafaa kueleza kidogo maumbile yake. Funza ni jamii ya viroboto. Hana mabawa, na urefu wake ni kama milimita moja tu. Hata kuruka hajui sana, ndiyo maana hupenda miguu. Jike likishatungwa mimba hujichimbia katika ngozi, mara nyingi pembeni mwa ukucha, likabakiza tundu dogo la kupumulia na kutolea mayai. Humo hunywa damu na kuvimba mpaka kufikia ukubwa wa punje ya njegere. Kwa muda wa wiki mbili tatu hudondosha mayai zaidi ya mia moja, kisha hufia humo humo. Mayai huanguka katika vumbi au mchanga mkavu, yakaanguliwa, na baada ya wiki chache funza wapya wanangoja mguu mwingine.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Mdudu asiye na bawa, asiyeweza kutembea maili moja kwa nguvu zake, alilivuka bara la Afrika kutoka bahari ya magharibi hadi bahari ya mashariki kwa muda wa kama miaka 25. Aliwezaje? Alitembea kwa miguu yetu. Mpagazi mwenye funza alikuwa anapanda mayai kila alipokanyaga, na hasa kila alipolala, kwa kuwa kambi za misafara zilikuwa pale pale mwaka hadi mwaka: penye kisima, penye kivuli, penye vumbi lililokanyagwa na maelfu waliotangulia.

Miguu ya wapagazi

Kutoka Ambriz funza walienea pwani ya Angola hadi mlango wa mto Kongo, kisha wakapanda na njia ya biashara iliyokwenda kwa miguu kando ya maporomoko, kutoka Matadi mpaka bwawa kubwa lililoitwa Stanley Pool, mahali palipo leo na miji ya Kinshasa na Brazzaville. Katikati ya miaka ya 1880 walikwishafika huko. Na hapo ndipo historia yao inapokutana na watu wa Zanzibar.

Tarehe 25 Februari 1887 meli iitwayo Madura iliondoka Unguja ikiwa imebeba zaidi ya wapagazi 600 wa Kizanzibari. Alikuwamo Henry Morton Stanley, na alikuwamo pia Tippu Tip na watu wake. Safari ile ilikuwa ya kumwokoa Emin Pasha, aliyekuwa amezingirwa katika jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudani. Badala ya kuingia bara kutoka Bagamoyo, Stanley aliizunguka Afrika kwa bahari kupitia Rasi ya Tumaini Jema, akashuka mlango wa mto Kongo mwezi wa Machi. Wapagazi wakatembea njia ile ile ya Matadi, njia yenye funza, wakapandishwa mtoni, wakapenya msitu wa Ituri kwa njaa na mauti, wakatokea Ziwa Albert. Kutoka huko wakateremka kupitia Ankole, Karagwe na kusini mwa Ziwa Viktoria, hadi wakafika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Waliorudi walikuwa chini ya nusu ya waliotoka.

Waandishi wengi waliochunguza jambo hili wameuhusisha msafara ule na kuvuka kwa funza kutoka bonde la Kongo kuja nchi za maziwa makuu. Haiyumkiniki kuwa ni msafara huo peke yake. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakienda na kurudi Manyema kwa njia ya Ujiji na Tabora, askari wa Ubelgiji na wa Ujerumani walikuwa wakihamahama, na kila kundi lilikuwa na miguu yake. Lakini tarehe zinapatana. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1890 funza walikuwa Uganda na Bukoba. Mnamo 1892 msafiri wa Kiaustria, Oscar Baumann, alipopita Uzinza, kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, alikuta watu wanaokufa njaa na mazao yako shambani, kwa sababu vidonda vya miguu viliwazuia wasiweze kwenda kuvuna. Kutoka huko mdudu aliteremka na misafara hadi pwani, akavuka bahari, na karibu na mwaka 1898 alikuwa Unguja. Karne haijaisha alikuwa Madagaska, na wengine walimchukua mpaka Bombay, ingawa huko hakuenea kama alivyoenea kwetu.

Kwa nini mdudu ambaye kwa Mbrazili alikuwa usumbufu tu akawa maangamizi Uzinza? Si kwamba alibadilika njiani. Ni kwamba alikuja peke yake. Maarifa ya kumtoa hayakuja naye. Watu wa Uzinza waliona uvimbe mweupe wenye doa jeusi katikati, wasijue kuwa ndani yake mna mdudu. Waliukuna, waliuacha upasuke, uchafu ukaingia, kidonda kikaoza, vidole vikakatika, na wengine wakafa kwa pepopunda. Miaka ile ile sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe, na ukame ukafuata. Baada ya muda maarifa yalifika, watu wakajifunza kukagua miguu ya watoto kila jioni, na balaa likageuka kuwa kero ya kawaida. Lakini kati ya kuwasili kwa mdudu na kuwasili kwa maarifa palikuwa na pengo la miaka, na watu waliangamia katika pengo hilo.

Hata lugha yetu ilibeba alama. Kiswahili hakikuwa na jina la mdudu huyu. Alipewa jina la funza, ambalo lilikwishatumika kwa buu au kiwavi, na jina la tekenya haliko mbali na kitenzi kutekenya, kwa ile nyegenyege yake anapoingia. Ndivyo watu wafanyavyo wanapokutana na kisichojulikana: hutafuta neno la karibu, maisha yakaendelea.

Na sasa lipo jambo linaloniuma zaidi. Hadi leo, sehemu nyingi za mashambani Kenya, Uganda na Tanzania, mtu mwenye funza huonekana mchafu au mvivu, na pengine hudhaniwa amelaaniwa au amerogwa. Watoto huacha shule kwa kuchekwa. Ukweli ni kwamba mdudu yule aliletwa na biashara ya dunia, akasambazwa na safari za wakubwa, kisha akawabakia wale ambao nyumba zao zina sakafu ya udongo na ambao hawana viatu wala maji ya kutosha. Shirika la Afya Duniani liliyaingiza maradhi haya katika orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, miaka 145 tangu Ambriz. Dawa ipo: mafuta ya dimethikoni, yaliyojaribiwa Kenya, humziba mdudu pumzi bila kumchokoa mtu kwa pini, tena pini ambayo ikichangiwa huambukiza maradhi mengine. Na dawa ya kudumu ni sakafu ya saruji. Hapo nasema kama mhandisi.

Dumuzi wa Tabora

Mtu anaweza kusema hayo ni ya zamani, wakati wa meli za tanga na misafara. Basi tuje karibu, katika umri wa wengi tunaosoma makala haya.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa mkoa wa Tabora, Tanzania, walianza kuona jambo geni katika maghala yao. Fukusi wa mahindi walimjua siku zote. Fukusi hula, lakini humwachia mwenye mali sehemu kubwa. Mgeni huyu hakuacha. Gunzi lililohifadhiwa na maganda yake lilikutwa limejaa matundu, na ukiligonga likamwaga unga. Makopa, yaani mihogo mikavu, ambayo ndiyo akiba ya mtu mwaka ukiwa mbaya, yaligeuka vumbi. Mwaka 1981 mdudu alitambuliwa: ni mbawakawa mdogo mweusi-kahawia, urefu wake milimita tatu au nne, mwenye kichwa kilichoinamia chini ya kifua kama mtu aliyevaa kofia kubwa. Wakulima walimwita dumuzi. Wengine walimpachika jina la Scania, kwa lile lori kubwa, na jina lilimfaa, kwa maana alipita kama lori na alisafiri kwa lori.

Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, nchi ambako mahindi yenyewe yalizaliwa. Inadhaniwa aliingia Tanzania pamoja na shehena ya mahindi kutoka nje. Wenye umri wanakumbuka: ukame wa 1973 na 1974 uliilazimisha nchi kuagiza nafaka nyingi, na nyingine ilikuja kama msaada. Gunia linalomwokoa mtu na njaa mwaka huu linaweza kubeba njaa ya miaka ijayo, wala hakuna aliyekusudia ubaya.

Tazama tena ramani. Tabora ni njia panda ya reli: mashariki Dar es Salaam, magharibi Kigoma, kaskazini Mwanza. Reli yenyewe ilifuata njia ile ile ya misafara ya karne ya 19. Mdudu aliyeshika Tabora alikuwa amekalia kitovu cha nchi. Mwaka 1983 alionekana Taveta, Kenya, mpakani kabisa. Mwaka 1984 alikuwa Burundi. Mwaka huo huo akatambuliwa Togo, upande wa pili wa bara, na ni dhahiri kwamba hakutoka Tabora kwa miguu. Huko aliingia kwa mlango wake mwingine. Katika miaka ya 1990 aliendelea hadi Malawi, Zambia na Rwanda.

Watafiti walipopima hasara Tabora, waliona kwamba mkulima aliyezoea kupoteza sehemu ndogo ya mahindi yake kwa fukusi sasa aliweza kupoteza hata theluthi moja ya uzito katika miezi michache ya kuhifadhi. Makopa yaliharibika zaidi, na mara nyingine zaidi ya nusu ilipotea. Kwa mtu aishiye kwa kununua dukani, hiyo ni asilimia tu. Kwa mtu ambaye kihenge ndicho benki yake, ni sawa na benki kufilisika mwezi wa Januari huku mavuno yako Mei.

Dawa nayo ilikuwa na mafunzo. Dawa iliyoua fukusi haikumtosha dumuzi, na iliyomuua dumuzi haikumtosha fukusi. Ikabidi ziunganishwe mbili katika vumbi moja, pirimifosi-methili kwa fukusi na pemethrini kwa dumuzi. Lakini vumbi halifanyi kazi vizuri juu ya gunzi. Dumuzi hupenda gunzi kwa sababu punje zimeshikana na humpa pa kujiegemeza anapotoboa. Basi wakulima walishauriwa kupukuchua mahindi kwanza, wayachanganye na vumbi, ndipo wayahifadhi. Maneno hayo ni mepesi kuandika. Mahali ambapo watu walikuwa wakihifadhi magunzi darini au kichanjani tangu mababu, ilimaanisha kubadili ghala, kubadili kalenda ya kazi, na kuongeza mzigo wa kupukuchua wakati ambao akina mama wana kazi nyingine chungu nzima.

Zaidi ya hayo, dumuzi ni wa ukoo wa wadudu watoboao miti. Hata ghala likisafishwa, yeye anaweza kuishi porini katika matawi makavu, akingoja msimu. Kumfuta kabisa haiwezekani tena. Watafiti walikwenda kwao Amerika ya Kati kutafuta anayemla, wakampata mbawakawa mwingine mdogo, akaachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Amesaidia mahali na mahali, lakini hakummaliza.

Adui asiye na adui

Mfano ulio bora zaidi unatoka Kongo. Mwaka 1973 karibu na Kinshasa na Brazzaville mihogo ilianza kudumaa, vichwa vya miche vikajikunja, majani yakapukutika. Juu yake walikuwapo wadudu weupe, kama waliomwagiwa unga. Wataalamu wetu wa kilimo huwaita vidung'ata. Hawa nao walitoka Amerika ya Kusini, kama muhogo wenyewe ulivyotoka huko karne kadhaa nyuma. Yaelekea waliletwa katika vipande vya mashina ya mihogo, mbegu ambayo mtu mmoja aliibeba kwa nia njema. Na kwa mdudu huyu mmoja alitosha, kwa sababu majike yake huzaa bila dume.

Katika muda wa miaka michache walienea sehemu kubwa ya Afrika ya kati na magharibi, na mamilioni ya watu wanaokula muhogo wakawa hatarini. Mwanasayansi Mswisi, Hans Herren, aliyekuwa katika taasisi ya kilimo cha kitropiki huko Ibadan, Nigeria, aliuliza swali la msingi: kwa nini mdudu huyu haharibu mihogo namna hii kwao? Jibu ni kwamba kwao ana adui. Mwaka 1981 mdudu huyo alipatikana Paraguay, na pamoja naye nyigu mdogo, mdogo kuliko punje ya mtama, atagaye mayai ndani ya kidung'ata. Nyigu hao walipimwa kwanza wasije wakawa balaa jingine, wakazalishwa, wakaachiliwa Nigeria mwaka huo huo, baadaye katika nchi nyingi, hata kwa kumwagwa kutoka ndege. Balaa likashuka. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Nimeziweka habari hizi tatu pamoja kwa sababu zinasema neno moja. Mdudu akisafiri huacha nyuma kila kinachomzuia: wanaomla, na watu wanaomjua. Nguvu zake ugenini si nguvu zake mwenyewe. Ni ukosefu wa vizuizi. Kwa hiyo kazi siku zote ni kupeleka kile kilichosahauliwa bandarini. Kwa funza kilikuwa pini na kukagua miguu. Kwa kidung'ata kilikuwa nyigu. Kwa dumuzi bado tunahangaika.

Mizigo yetu sisi

Sasa natugeukia sisi wenyewe, tulioko Maskati, London, Toronto au Minneapolis.

Wenzetu wa Ghuba wameliona jambo hili mbele ya macho yao. Katikati ya miaka ya 1980 mitende ya Falme za Kiarabu na Saudi Arabia ilianza kuanguka ghafla. Ndani ya shina mlikuwa na mabuu ya mbawakawa mwekundu mwenye mdomo mrefu kama mkonga. Waarabu humwita susa, nasi tungemwita fukusi wa mitende. Mtende huonekana mzima, majani ya kijani, kumbe ndani umeshaliwa. Asili yake ni kusini na kusini-mashariki mwa Asia, na alisafiri ndani ya miche ya mitende iliyohamishwa kutoka shamba hadi shamba na nchi hadi nchi. Mwaka 1993 aligunduliwa Omani. Hapo tena, hakuna aliyemwona akipita mpakani, kwa kuwa alipita ndani ya zawadi na biashara.

Na kwa sisi tunaopenda embe: mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia alionekana Kenya kwa mara ya kwanza, na katika miaka michache akaenea karibu Afrika yote ya kitropiki. Hutaga mayai chini ya ganda la embe ambalo kwa nje halina dosari, ila kidoa kama cha sindano. Hasara haikuishia shambani. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa ajili ya nzi huyu, na soko lile lilibaki limefungwa mpaka 2021. Kwa hiyo afisa wa uwanja wa ndege anapokunyang'anya maembe ya shangazi, ambayo amekuchumia kwa mikono yake, usidhani lazima anakuonea. Tangu Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unataka cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda bichi, isipokuwa machache kama nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani.

Sitaki kusema kwamba kila mdudu husafirishwa na mtu hatua kwa hatua. Viwavijeshi vamizi walioonekana Afrika ya Magharibi mwaka 2016, na mwaka uliofuata wakawa mahindini kwetu, ni watoto wa nondo anayeweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja. Lakini hata yeye ni wa Amerika, na wataalamu wengi wanaona kwamba bahari ya Atlantiki aliivuka kwa chombo cha binadamu. Bawa lilimsaidia baada ya kushuka.

Mimi si mtaalamu wa wadudu. Nimefanya kazi miaka mingi na mitambo, na mitambo husafiri ndani ya makreti ya mbao. Wasomaji wenye kupokea mizigo bandarini watakuwa wameona muhuri uliochomwa juu ya mbao hizo: alama ya suke la ngano, namba, na herufi HT. Maana yake mbao zimepashwa moto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, kiasi cha kuua buu lililojificha ndani. Kanuni hiyo ya kimataifa ilipitishwa mwaka 2002, baada ya mbawakawa wa Kichina kuonekana akitoboa miti ya New York mwaka 1996, akiwa ametoka ndani ya makreti kama hayo. Mhandisi huipenda kanuni ya namna hii. Haimlaumu mtu, wala haimtukani Mchina wala Mmarekani. Inasema tu: mzigo utasafiri, basi tuusafishe kabla haujaondoka.

Laiti ile farumi ya Thomas Mitchell ingekaguliwa! Lakini mwaka 1872 hakuna aliyekuwa na fikira hiyo, na gharama haikumwangukia nahodha wala mwenye meli. Ilimwangukia mtu wa Uzinza ambaye hakuwahi kuiona bahari. Ndivyo ilivyo mara nyingi katika mambo haya: anayebeba hajui, na anayelipa hakubeba.

Basi, ndugu zangu, tunapofunga masanduku kwenda likizo, tuyatazame kwa jicho hilo. Mbegu ya maua uliyoipenda, kijiti cha mzabibu ulichokatiwa na jirani, gunia la maharage, kinyago kibichi chenye vumbi la unga chini yake: hivi si vitu vya kupita navyo kimyakimya. Vikaguliwe, vipate cheti, au viachwe. Anayetuma nafaka nyumbani na atume kavu, safi, katika chombo kinachofungika. Na zaidi ya yote tupeleke maarifa. Kila mwaka jumuiya zetu huchangisha fedha za misiba, za madrasa, za makanisa na za visima. Si vibaya mwaka mmoja tukachangia sakafu za saruji katika darasa moja la kijijini, au mapipa ya bati ya kuhifadhia mahindi ya wajane wachache. Kazi hiyo haina sherehe, wala haitaonekana katika picha. Lakini mtoto atakayekaa darasani bila kuchomwa na funza hatahitaji kuijua ile meli ya mwaka 1872, nasi tutakuwa tumelipa sehemu ndogo ya deni ambalo nahodha wake hakulilipa.

Wasalaam.